Barua ya wazi kwa masheikh na waganga wakuu: nani atamwambia mgonjwa wa sukari kabla mwezi haujaandama?

Kwa Mufti na masheikh wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), kwa Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, kwa maimamu wa misikiti ya Pwani na Visiwani, na kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya zetu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa wakubwa wa afya ambao si Waislamu, habari za kazi. Barua hii, ya mgonjwa wa sukari na saumu ya Ramadhani, inawahusu nanyi, tena sana.

Naandika Rajabu hii makusudi. Nikingoja Shaaban, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani, nitakuwa nimechelewa, maana Shaaban watu wameshaanza kununua tende, na mtu aliyekwisha kununua tende hasikii tena habari ya kutofunga.

Mimi ni muuza dawa. Nina miaka 19 nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Tanga. Msimu wa mafua huja ukapita, malaria nayo hupanda na kushuka, lakini wateja wa presha na wa sukari wako palepale, kila mwisho wa mwezi, na kadi zao zilizochakaa pembeni. Nawajua kwa majina, na vidonge vyao navijua bila kuangalia kadi.

Mwaka juzi, siku ya 18 ya Ramadhani, mama yangu mkubwa alikuwa uani akimenya muhogo wa futari. Ni mjane wa miaka 68, na nusu ya mtaa wetu imesomea juzuu Amma kwake. Alikuwa na sukari mwaka wa kumi na moja. Baada ya alasiri kidogo mkono ulianza kumtetemeka, kisu kikamponyoka. Likamtoka jasho jembamba la baridi, maneno yakaanza kukorogeka, akamwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mumewe. Waliokuwapo wakasema saumu imemshika leo. Wakamlaza mkekani, wakampepea, wakamtia maji utosini. Jikoni palikuwa na kopo la sukari, limejaa, hatua nane kutoka pale alipolala. Hakuna aliyeligusa. Magharibi ilibakisha saa moja na nusu, na kila mmoja aliona vibaya kumvunjia saumu mtu mzima aliyekwisha kufika huko.

Adhana ilipolia hakuweza kumeza. Hospitali walimpima wakakuta sukari imeshuka hadi 1.9 (milimoli kwa lita). Alhamdulillahi, yu hai. Lakini Yasini aliyoihifadhi tangu utotoni siku hizi inamkatikia njiani. Anarudi mwanzo, inamkatikia tena palepale, ananyamaza.

Waliompepea siwalaumu. Nimekaa nikajiuliza hili lilianzia wapi, nikakuta lilianzia Shaaban, wiki tatu kabla, siku ambazo mama mkubwa alifanya kila kinachompasa mgonjwa. Alimwuliza daktari kwenye kliniki yake kama afunge. Daktari, kijana mpole ambaye si Muislamu, akamjibu kwa adabu: hayo ya dini, bibi, kamuulize sheikh wako. Akaenda kwa imamu wa msikiti. Imamu naye akamjibu kwa adabu: hayo ya maradhi, mama, muulize daktari, ila ukijiona unaweza, funga, Mwenyezi Mungu atakutia nguvu. Akaja dukani kwangu akanunua vidonge vya mwezi mzima. Nikamhesabia, nikamtilia kwenye bahasha, nikaandika 1x2, nikamtakia Ramadhani njema.

Sisi watu watatu tulijua, kila mtu kipande chake, na tukamwacha apite katikati yetu kama mpira.

Masheikh wangu, mnaijua hadithi ya Jabir iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja akapigwa na jiwe kichwani, akapasuka. Usiku akaota, ikamlazimu janaba. Akauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia hatukuonei ruhusa na maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfika Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alisema wamemuua, tena akawaapiza, kisha akasema: kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui? Dawa ya kutojua ni kuuliza. Waliotoa jibu lile walikuwa masahaba, na nia yao ilikuwa kuilinda sharia. Hadithi hii tunasomeshwa katika mlango wa tayamamu na tunaiacha humohumo. Mimi naiona imelala mkekani pale uani.

Na hapa siombi mtuletee dini mpya. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa mara mbili, kana kwamba ilijulikana tangu hapo kuwa atakuja kusahauliwa. Katika mwaka wa kuifungua Makka, Mtume alikuwa safarini na watu wamefunga naye, saumu ikawa nzito kwao. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba baada ya alasiri aliitisha gudulia la maji, akaliinua juu mpaka watu wakaliona, kisha akanywa. Alipoambiwa kuwa wapo walioendelea kufunga, alisema hao ni waasi, akalirudia neno hilo. Angeweza kunywa ndani ya hema lake, na ruhusa ingekuwa ileile. Alitaka ionekane.

Elimu ya kutumia ruhusa hii kwa maradhi ya leo nayo ipo, imeshaandikwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikaa mwaka 1997 likapitia mambo ya matibabu moja moja: sindano isiyo ya lishe haifunguzi, kutolewa damu ya kipimo hakufunguzi, kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi hakifunguzi maadamu mtu hamezi kinachoyeyuka kikafika kooni. (Limo humo na jambo la matone ya sikio, ambalo najua baadhi yenu hamkubaliani nalo kwa mujibu wa vitabu vyetu vya Kishafi, hilo nawaachia wenyewe.) Mwaka 2009, katika kikao cha Sharjah, baraza hilohilo lilipitisha azimio juu ya kisukari na saumu. Likawagawa wagonjwa makundi manne. Makundi mawili ya mwanzo, ambayo tabibu mwaminifu amethibitisha au ana dhana yenye nguvu kwamba saumu itawadhuru vibaya, ni wajibu wao kula. Makundi mawili ya mwisho hawana ruhusa ya kula kwa sababu tu wanaitwa wagonjwa wa sukari.

Huo mgawanyo ndio kiini cha barua yangu, kwa hiyo mnivumilie nikae hapo kidogo.

Kila mwaka inazunguka sauti kwenye simu, sheikh mmoja anasema mwenye sukari asifunge, mwingine anasema saumu ni dawa ya sukari. Zote mbili nazisikia zikichezwa hapa kaunta, na zote mbili zinaharibu. Kuna mteja wangu, fundi cherehani, anatumia metformini tu, sukari yake imetulia mwaka wa pili sasa. Dawa hiyo peke yake ni nadra kumshusha mtu hadi akaanguka. Kumwambia huyu asifunge ni kumnyima ibada yake bure. Lakini mama mkubwa alikuwa anatumia glibenklamidi. Kidonge hiki kinalikamua kongosho litoe insulini, umekula hujala, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima. Ukikimeza asubuhi juu ya chai na mhogo, hakuna neno. Ukikimeza wakati wa daku na usile tena mpaka magharibi, kinaendelea kushusha, na alasiri ndipo kinapokukuta huna kitu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba dawa hii haifai kwa watu waliozidi miaka 60. Sisi bado tunaitoa kwa bibi zetu, kwa sababu ni ya bei rahisi na ndiyo iliyopo.

Halafu kuna anayechoma insulini, kuna mwenye figo zinazolegea, kuna mjamzito, kuna aliyeanguka mwezi uliopita tu. Na kuna mtu wataalamu wamemweka katika kundi la hatari kwa sababu ambayo iliponifikia ilinichoma: anayeishi peke yake huku anatumia insulini au vidonge vya kulikamua kongosho. Maana akishuka hakuna wa kumwona. Miji yetu imejaa wajane wa namna hiyo. Mama mkubwa aliokolewa na ukweli kwamba siku ile palikuwa na wajukuu uani.

Yapo mambo yetu ya Pwani ambayo miongozo ya nje haiyajui. Sisi saumu yetu ni ya saa 13 na nusu hivi, mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Hatuna zile saumu za kiangazi cha Ulaya. Ungesema tuna nafuu. Lakini wangapi kwetu wanakula daku saa sita za usiku kisha wakalala? Hapo saumu imeshakuwa ya saa 18. Sunna ni kuchelewesha daku, na madaktari nao wanasema vilevile, chelewesha daku, wahi kufuturu. Ramadhani nayo miaka hii inarudi nyuma kuingia kwenye joto la kaskazi, mtu anakaukiwa maji. Na futari yetu mnaijua: viazi vitamu vya nazi, ndizi, tambi za sukari, mkate wa kumimina, kaimati zinazong'aa kwa shira, na glasi ya sharubati juu yake. Mgonjwa aliyekaribia kuzimia kwa upungufu saa kumi na mbili, saa mbili usiku sukari imepaa hadi mashine inaandika herufi badala ya namba. Simlaumu mtu kwa kaimati. Mimi mwenyewe sina subira nazo.

Mashine zenyewe sasa zipo, zile ndogo za kutoboa kidole, na baadhi ya nyumba wanazo. Tatizo ni kwamba mchana wa Ramadhani zinakaa kabatini. Nimeuliza wateja wangu kwa nini, wengi wananiambia damu inafunguza. Sisi Mashafi, ambao kwetu hata kupigwa chuku, yaani kutolewa damu kwa pembe, hakufunguzi saumu, tunaogopa tone la ncha ya kidole! Tone hilo ndilo lingewaambia wale waliokuwa uani kwamba imeshuka chini ya 3.9, kwamba hapo hapana mashauriano tena, mtu apewe sukari mdomoni wakati bado anaweza kumeza. Na ikizidi 16.6, vilevile saumu ya siku hiyo imekwisha.

Najua mnachokiogopa, masheikh, kwa sababu mmoja wenu aliniambia waziwazi tulipokuwa tukitoka msikitini: tukiufungua mlango huu juu ya mimbari, watapita na wenye afya zao. Nimelifikiria neno lake kwa haki. Lakini kwa ninavyoona mimi kutoka hapa nilipo, anayetaka kula mchana wa Ramadhani bila udhuru hajawahi kungoja fatwa. Anakula. Anayeumia ni yule mcha Mungu, yule ambaye ukimwambia usifunge analia kama amefiwa. Mwaka 2001 ulifanywa utafiti katika nchi 13 za Afrika Kaskazini na Asia, wagonjwa 12,243. Pwani yetu haikuwamo, lakini someni wenyewe kama hamtajiona: kati ya kila wagonjwa 100 wa kisukari aina ya pili, 79 walifunga angalau siku 15, hata wa aina ya kwanza, ambao hawaishi bila insulini, walikuwa 43. Na kushuka sukari vibaya kwa wale wa aina ya pili kuliongezeka mara saba na nusu kuliko miezi mingine. Watu wetu hawahitaji kuhimizwa kufunga. Wanahitaji mtu wanayemwamini awaambie lini Mungu amewaambia wasifunge.

Nanyi waganga wakuu, jibu la "kamuulize sheikh" lisionekane kuwa ni heshima kwa dini. Vitabu vya fiqhi vyenyewe vimemrudisha mgonjwa kwenu: vinataka kauli ya tabibu mwaminifu, na sheikh mkweli hawezi kutamka neno kabla yenu. Yule daktari kijana hakuwa na kiburi. Hakuna aliyemfundisha kuwa kuna wiki nne katika mwaka ambazo nusu ya wagonjwa wake watabadilisha saa zote za kula na za kumeza dawa, kwa pamoja, siku moja. Ingekuwa ni mlipuko wa kipindupindu mngekuwa mmeshaitisha kikao.

Ninachoomba kinahitaji fedha kidogo sana, na sehemu kubwa hakihitaji hata shilingi.

Ofisi za dini na idara za afya mkae meza moja kabla Rajabu haijaisha, mtoe karatasi moja, upande mmoja tu, kwa Kiswahili cha mtaani, yenye sahihi ya sheikh na ya daktari chini yake. Sahihi zote mbili, maana mgonjwa akiona moja atakwenda kuitafuta ya pili. Itaje makundi, itaje kwamba kipimo na sindano ya insulini havifunguzi, itaje namba hizo mbili, 3.9 na 16.6, na itaje dawa kwa majina yake. Mengine yote kwenye karatasi ile yanaweza kupungua, majina ya dawa yasipungue.

Kliniki za sukari zipange tarehe za Shaaban ziwe za Ramadhani. Kila mgonjwa Muislamu aulizwe, hata asipouliza yeye, kisha aandikiwe kwenye kadi dozi ya mwezi ule: kipi kihamie futari, kipi kipunguzwe daku, kipi kibadilishwe kabisa. Hilo ni kazi ya daktari na haliwezi kufanywa na imamu wala na mimi muuza dawa.

Khutba moja ya Shaaban iwe ya wagonjwa. Khutba nzima, sio dua ya mwisho ya kuwaombea shifaa. Na fidya ielezwe humo kwa hesabu ya nyumbani: kwa madhehebu yetu, mgonjwa asiyetarajiwa kupona anatoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, mwezi wa siku 30 ni vibaba 30, yaani pishi saba na nusu, na hana deni la kulipa siku. Wengi wanadhani wanadaiwa, wanahangaika Shawali wakilipa saumu kwa miili ileile iliyoshindwa Ramadhani. Asiye na hata hicho kibaba mwambieni hali yake, asikope.

Simu mnazo. Senegal, mwaka 2014, wizara yao ya afya pamoja na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walianza kuwatumia wagonjwa wa kisukari ujumbe mfupi kabla ya Ramadhani na ndani yake. Kama Dakar iliwezekana kwa simu za vitochi, Tanga na Unguja hakushindikani.

Maduka ya dawa tusisubiri mtu. Kwangu tangu mwaka jana nauliza kila anayenunua vidonge vya sukari Shaaban: kliniki wamekwambia nini kuhusu mwezi? Wengi husema hawakuulizwa. Nawarudisha kliniki. Wengine wanakasirika wanakwenda kununua duka la pili.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Mama mkubwa mwaka jana hakufunga. Daktari mwingine alimkataza, na mimi nikamsomea maneno ya kikao cha Sharjah mpaka akachoka. Alitoa pishi zake saba na nusu za mchele, akazipima mwenyewe kwa kibaba cha zamani cha mama yake. Lakini kila siku, ikifika saa nne asubuhi, alikuwa anaufunga mlango wa mbele kwa komeo, anashusha pazia la uani, anawatoa wajukuu nje, ndipo ananywa chai yake na kidonge, kwa haraka, amesimama. Siku moja niliingia kwa mlango wa nyuma nikamkuta. Alikificha kikombe nyuma ya mgongo, chai ikammwagikia kanga. Mwalimu wangu wa juzuu Amma.

Nikamwambia, mama, hii ni ruhusa ya Mungu, unajificha nini? Akaniambia: wewe umesema, na daktari amesema. Msikiti haujasema.

Nyumba yake iko nyuma ya msikiti, kipaza sauti kinaelekea dirishani kwake. Khutba ya Ijumaa anaisikia yote, neno kwa neno, akiwa kitini kwake barazani.

Wabillahi tawfiq.

Muuza dawa, Tanga